Uliza Nikujibu: Hao wanaopanda wimbi la ghorofa nane wanatafuta nini?

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu ya Nazaré, mji wa wavuvi kule Ureno, wimbi limesimama nyuma ya ngome yenye taa nyekundu na kijitu kidogo kama mchwa kinateremka juu yake. Basi meseji zimemiminika, wengine mnabisha, wengine mnacheka, mama mmoja amenitoa machozi kidogo. Nimechagua chache. Niseme mapema kwamba mi sio mpanda mawimbi, nimezaliwa Pangani na bahari naijua kwa ngalawa na kwa kuogelea tu, ila mwaka juzi kazi ilinipeleka Lisbon, nikapanda basi hadi huko Nazaré, nikasimama siku mbili kwenye ukuta wa ile ngome. Siku ya kwanza bahari ilikuwa imelala kama uji uliopoa, nikajiona mjinga. Siku ya pili ndo nikaelewa.

Kaka habari za kazi. Ile picha ni ya kweli au mmeichezea kwenye kompyuta? Mi mtoto wa mvuvi, nimekulia baharini, sijawahi kuona maji yakisimama hivyo. Msomaji, Tanga.

Salama ndugu yangu. Picha ni ya kweli, ila inadanganya kidogo. Wapiga picha wanasimama juu ya jabali kwa nyuma na lenzi ndefu, na lenzi ndefu inavuta vitu vya mbali vikae karibu karibu, ndo maana wimbi linaonekana kama liko hatua kumi kutoka kwenye taa na linataka kuimeza ngome na watu wake. Ukiwa pale kwa macho yako unaona wimbi liko nje kidogo na bado ngome iko juu yake. Lakini urefu wenyewe hauna utani. Tarehe 29 Oktoba 2020 Mjerumani mmoja, Sebastian Steudtner, aliteremka pale wimbi lililopimwa mita 26.21, na hiyo ndo rekodi waliyoiandika kwenye kile kitabu cha rekodi za dunia, Guinness, mwaka 2022. Hesabu ghorofa nane, halafu hizo ghorofa zinakimbia.

Sasa kwa nini pale? Watu wengi wanadhani Nazaré kuna upepo mkali kuliko kwingine. Hapana. Siri iko chini ya maji. Kuna korongo limechimbika sakafuni mwa bahari, urefu wake zaidi ya kilomita 200, kule mwisho wake kina kinafika kama mita 5,000, na mdomo wa hilo korongo unakuja hadi karibu kabisa na ufukwe, yani kama vile mtu amechimba mtaro mkubwa kutoka katikati ya Atlantiki akauelekeza mlangoni kwako. Wewe mtoto wa mvuvi unajua kwamba wimbi likifika maji mafupi linapunguza mwendo, linajikunja, linainuka. Sasa wimbi likitoka kwenye dhoruba kule Atlantiki kaskazini, kipande kimoja kinapita juu ya korongo ambako maji ni marefu kwa hiyo hakipunguzi mwendo, kipande cha pembeni kinapita kwenye maji mafupi kinachelewa na kupinda, halafu vipande viwili vinakuja kukutana mbele ya ule ufukwe wanaouita Praia do Norte na kupandiana mgongoni. Juu ya hapo kuna mkondo unatembea kandokando ya ufukwe kisha unageuka kwenda nje, unalipiga wimbi kifuani, nalo linazidi kusimama.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba ukishuka upande wa pili wa lile jabali, upande wa mji wenyewe, siku ileile bahari ni ya kawaida tu. Nilikuta wanawake wanauza samaki waliokaushwa kwenye vichanja vya waya pale mchangani, wamepasuliwa katikati wametandazwa juani, ng'onda kabisa kaka, ng'onda ile ile ya kwetu, hata harufu. Nikanunua. Nyuma ya jabali unasikia mlio, sio mlio wa maji, ni kama lori linamwaga kokoto mtaa wa pili, unausikia kifuani kabla ya masikioni, na mama muuza samaki wala hageuki. Kwa hao Praia do Norte ilikuwa mahali pa kuogopwa tangu zamani, sio mahali pa kwenda kuchezea.

Bro, mbona sisi huku hatuna? Tuna bahari ndefu kutoka Lamu mpaka Mtwara na hata wimbi la mita 5 halipo. Ni bahati mbaya au? Msomaji, Mombasa.

Bahati mbaya kwa nani, muulize mwenye ngalawa kwanza.

Wimbi kubwa linahitaji vitu vitatu: dhoruba kali, dhoruba ipige eneo kubwa kwa muda mrefu, na njia ya wazi hadi kwako. Sisi tuko karibu na ikweta, upepo wetu ni kusi na kaskazi, upepo mzuri wa kusafiria na wa kukaushia nguo, unachafua bahari ndio lakini hautengenezi yale mawimbi mazito yaliyosafiri maelfu ya kilomita. Dhoruba zenyewe ziko kusini kabisa mwa dunia, chini ya Afrika Kusini, na mawimbi yake yakipanda kuja huku yanakutana na Madagaska imejilaza pale kama mlinzi. Yanayopenya yanakuja kuvunjika kwenye miamba yetu ya matumbawe mbali na ufukwe, ndo maana ukisimama Bamburi unaona mstari mweupe kule nje na hapa ulipo maji ni ya watoto. Mawimbi madogo ya kuchezea yapo, Watamu na Malindi watu wanateleza kipindi cha kusi, na Paje kule Unguja wamejaa wale wa kuvutwa na tiara. Lakini huo ni mchezo mwingine.

Afrika yetu ina mawimbi makubwa, yako kusini. Nje ya Hout Bay, Cape Town, kuna mahali wanapaita Dungeons, yani magereza ya chini ya ardhi, na pale jina limepatikana kihalali. Na huyu mwamba hamumsemi: mwaka 2010 kwenye mashindano ya Mavericks, California, bingwa alikuwa Chris Bertish wa Cape Town, jamaa alifika kwa kuunga unga safari, ubao aliopandia wa kuazima, akawapiga wenyeji kwao kwenye siku ambayo bahari ilikuwa imechafuka mpaka mawimbi yakaja kuwapiga watazamaji waliokaa ukutani, watu kadhaa wakaumia. Ubao wa kuazima!

Shikamoo anko. Mi swali langu ni dogo, hawa watu wana akili timamu kweli? Mume wangu anaangalia hizo klipu usiku kucha anasema ni ushujaa, mi naona ni kutafuta kifo na kuna watu wana shida za kweli. Dada, Arusha.

Marahaba mwanangu. Mi nilikuwa upande wako mpaka nilipokaa pale ukutani. Sasa siko upande wako wala wa mumeo.

Klipu inakuonyesha sekunde ishirini za mtu mmoja anateremka. Haionyeshi wale wengine. Pale ngomeni pembeni yangu alikuwepo jamaa mmoja na redio ya mkononi, hakuwa anaangalia mpanda mawimbi hata kidogo, macho yake yako mbali kabisa, kule ambako mi nilikuwa naona bahari tupu. Anahesabu kwa vidole. Mawimbi makubwa huwa yanakuja kwa makundi, matatu, manne, kisha kunatulia, na yeye kazi yake ni kumwambia mwenzie aliye chini, ambaye amekaa kwenye bonde la maji haoni kitu, kwamba hili la kwanza liache, la pili liache, la tatu ndo lenyewe. Saa nzima nimesimama naye, wametelezesha mara mbili tu. Muda wote uliobaki ni kungoja.

Na kuna dereva wa jeti ski, ile pikipiki ya majini. Huyu ndo mtu ambaye mi ningempa kombe. Nikueleze kwa lugha ya kwetu. Kupanda wimbi ni sawa na kudandia daladala isiyosimama, lazima ukimbie kasi yake ndo udandie. Wimbi la kawaida unalipigia makasia kwa mikono, umelala kifudifudi kwenye ubao, unalikamata. Sasa wimbi la mita 20 linakimbia kilomita 60 kwa saa na zaidi, mikono haitoshi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 kule Hawaii, Laird Hamilton na wenzake Buzzy Kerbox na Darrick Doerner wakasema basi tuvutane na boti ya mpira, baadae wakahamia jeti ski, yani bodaboda inakukimbiza sambamba na daladala halafu unaruka. Mbao zikawa fupi, zikawekwa mikanda ya kushika miguu, tena wanaziongeza uzito kwa madini ya risasi ili zisiruke ruke kwenye maji yenye matuta. Mpaka leo kuna wazee wa mchezo wanaona kuvutwa ni kama kuiba mtihani, na kuna mahali kama Peahi, kisiwa cha Maui hukohuko Hawaii, vijana wamerudi kwenye mikono. Mi sina ugomvi nao.

Lakini dereva hamalizi kazi akikuachia kamba. Anazunguka, anakaa pembeni ya wimbi anakutafuta, ukianguka ana sekunde kama 15 au 20 kabla la nyuma halijafika, lazima aingie kwenye povu, na povu ni hewa, jeti ski inasukumwa kwa maji kwa hiyo ikimeza hewa injini inalia tu haiendi. Nyuma kuna kitu kama godoro gumu lenye vishikio, unatakiwa ulirukie ujishike, ukikosa anazunguka tena kama bado kuna muda, na kama hakuna muda anakuacha anakimbia, maana akibaki mtakuwa wawili wa kuokolewa. Hiyo hesabu anaifanya peke yake. Ndo maana siku yenyewe ikifika kunakuwa na jeti ski ya pili inamlinda wa kwanza.

Kwa hiyo ushujaa wa mumeo upo ila ameuangalia mtu asiye sahihi. Oktoba 2013 Mbrazili Maya Gabeira alianguka palepale Nazaré, mawimbi yakampiga mfululizo, mfupa wa mguu ukavunjika karibu na kifundo, koti lake la kuelea likamtoka, akapoteza fahamu. Carlos Burle ndo alikuwa dereva wake. Alimpa kamba akashindwa kuendelea kuishika, Burle akaruka majini akamburuza hadi mchangani, wakamfufua kwa kumbinya kifua pale pale mbele ya kamera. Wakubwa wa mchezo wakasema mdomoni kwamba yule dada hakustahili kuwa pale. Akafanyiwa upasuaji wa mgongo zaidi ya mara moja. Miaka zaidi ya minne baadae, Januari 2018, akarudi maji yale yale akateremka mita 20.7, wanawake hawakuwa hata na rekodi yao kwenye kitabu ikabidi watu wasaini maombi ndo ikafunguliwa, na Februari 2020 akaongeza mpaka 22.4, na msimu ule hakuna mwanaume aliyepanda wimbi refu kuliko lake. Hao wakubwa sikuwasikia tena.

Akili wanayo, mwanangu. Cha kuwauliza ni kama wanajua lini wasiingie. Wengi niliowaona siku ile ya pili walivaa, wakaangalia saa mbili nzima, wakavua wakaenda kunywa kahawa.

Anko, ukianguka kwenye hilo dude chini kunakuwaje? Nimesikia wanaweza kushikilia pumzi dakika tano, ni kweli? Mpiga mbizi wa pweza, Pemba.

Swali la mtu wa kazi hili. Wewe unajua kuliko mimi kwamba pumzi ya kitandani na pumzi ya majini ni vitu viwili, na pumzi ya mtu aliyepigwa ni kitu cha tatu.

Dakika nne, tano, wapo wanaofika, wamelala wametulia mapigo ya moyo yameshuka. Lakini ukianguka moyo unakwenda mbio, umetoka kutumia nguvu zote, na mara nyingi umepigwa kabla hujavuta pumzi vizuri. Maji ya bahari yakijaa sanduku la mita moja kila upande yanazidi tani moja. Wimbi la ghorofa kadhaa ni masanduku mangapi? Yanakuangukia, kisha yanakuchukua, yanakuzungusha kama nguo ndani ya mashine, hujui juu ni wapi, ni giza, masikio yanauma, na ukianza kupigana nayo unamaliza hewa yako bure. Wanachofundishwa ni kinyume cha kila unachotaka kufanya: jikunje, linda kichwa, legea, hesabu. Ubishi liachie wimbi. Kwa kawaida wimbi moja linakushikilia nusu dakika hivi au pungufu, unaona ni ndogo eh? Tatizo ni kwamba la pili linakuja kabla hujatoka, na ukila mawili bila kupumua katikati hapo ndo watu wanafia.

Mazoezi yao mengine ungecheka. Wanabeba mawe mazito wanakimbia nayo chini ya maji. Wanaogelea bwawa zima bila kuibuka, wanapumzika kidogo tu, wanarudia, ili mwili uzoee kufanya kazi ukiwa na njaa ya hewa. Na usijaribu hii peke yako, nakuomba, hata wewe mzoefu, watu wanazimia bwawani kimya kimya bila hata kurusha mkono.

Kitu kilichobadilisha mambo ni koti la kujaza hewa. Mwaka 2010 Shane Dorian wa Hawaii alishikiliwa chini na mawimbi mawili pale Mavericks karibu afe, akatoka na wazo la vazi lenye kichupa cha gesi, unavuta kamba linajaa linakupandisha. Leo siku za mawimbi makubwa karibu kila mtu analivaa. Mi nina wasiwasi wangu hapo, nimewasikia hata wenyewe wanasema, koti limeleta watu ambao zamani wasingethubutu.

Na wazoefu nao wanakufa. Mark Foo alitoka Hawaii, akaruka na ndege ya usiku kwenda Mavericks, tarehe 23 Desemba 1994 akaanguka kwenye wimbi ambalo kwa viwango vyake halikuwa kubwa hata kidogo, ikachukua muda watu kugundua kwamba hayupo. Januari 2023 Mbrazili Marcio Freire, miaka 47, mtu aliyesifika kwa kupanda yale majitu ya Peahi kwa mikono mitupu miaka na miaka, akafia Nazaré kwenye siku ya mazoezi ya kuvutwa. Wazee wetu walishasema, mwana wa maji wa Kwale kufa maji mazoea, na wale hawakuwa wanaongelea sefingi.

Wanapimaje wimbi? Nani anaenda na rula? Msomaji, Mwanza.

Ha! Rula yao ni mpanda mawimbi mwenyewe. Wanachukua picha na video, wanajua urefu wa mtu au wa mguu wake kuanzia gotini kwenda chini, au urefu wa ubao, halafu wanahesabu ni mara ngapi unaingia kutoka kitakoni mwa wimbi hadi kileleni. Ugomvi wote uko hapo kitakoni, kwa sababu wimbi halina mstari unaosema naanzia hapa, na mtu amekunja magoti, na picha imepigwa kwa pembeni. Ndo maana Garrett McNamara, yule Mmarekani aliyeitwa na wenyeji waliotaka dunia ijue mji wao, alipanda Novemba 2011 wimbi la mita karibu 24 na mji ukajulikana dunia nzima, akaja Rodrigo Koxa Novemba 2017 akamzidi kwa kama nusu mita. Nusu mita! Kwenye maji yanayochemka. Mi kwa kweli hizi rekodi naziona ni biashara ya hoteli na vinywaji zaidi.

Kama unataka stori ya mashindano nakupa nzuri kuliko rekodi. Hawaii kuna ya kumkumbuka Eddie Aikau, mlinzi wa ufukwe wa Waimea aliyepotea baharini mwaka 1978 akiwa amekwenda na ubao wake kutafuta msaada kwa ajili ya wenzake ambao chombo chao kilipinduka. Sheria yao ni kwamba bahari isipofika kipimo hakuna mashindano, watu warudi nyumbani, na ilishatokea kutoka 2009 hadi 2016 hayakufanyika, kisha hadi Januari 2023. Na hiyo 2023 unajua nani alishinda? Luke Shepardson, mlinzi wa ufukwe huohuo, siku hiyo alikuwa zamu kazini, anaomba ruhusa anakwenda kupanda, anarudi kwenye kibanda chake kulinda watu, zamu yake ya kushindana ikifika anakwenda tena. Kashinda mabingwa wa dunia akiwa kazini.

Haya mawimbi na tsunami ni kitu kimoja? Mwanafunzi, Kigoma.

Hapana mdogo wangu. Haya yanatokana na upepo, moja baada ya jingine kwa sekunde chache, na nguvu yake ni ya juu juu. Tsunami inatokana na sakafu ya bahari kutikisika, kati ya wimbi na wimbi zinaweza kupita dakika kadhaa mpaka saa nzima, na bahari yote kuanzia chini hadi juu inasogea, kwa hiyo hata ikiwa ya mita mbili haivunjiki na kurudi, inaendelea kuingia tu kama mafuriko. Ile ya Desemba 2004 ilianzia Indonesia na ikaua watu hadi huku kwetu Tanzania. Hiyo hakuna anayeipanda.

Mwanangu, mimi sijui hizi mambo za mtandao, meseji hii kaniandikia binti yangu. Kijana wangu anasoma Cape Town, sasa kanitumia picha amevaa nguo nyeusi ya mpira ameshika ubao anasema mama nimepata furaha ya maisha yangu, mwakani naenda kwenye mawimbi makubwa. Baba yake alifariki. Nifanye nini? Nimkataze? Mama wa watoto watatu, Morogoro.

Shikamoo mama. Nimeisoma hii mara tatu.

Kwanza tulia kidogo. Iangalie ile picha, au binti aiangalie, kama nyuma kuna vibanda vya mbao vya rangi rangi, nyekundu, njano, bluu, basi huyo yuko Muizenberg, na Muizenberg ni darasa la kwanza, maji mafupi, mchanga chini, mawimbi ya kiunoni, wanajifunza pale watoto wa miaka sita na wazee wastaafu. Papa wapo bahari ile, sitakuficha, ila kuna watu wanakaa mlimani juu na darubini kutwa nzima wakimwona wanapandisha bendera na kupiga king'ora watu watoke. Hiyo nguo nyeusi ni ya baridi, maji ya huko sio ya Bagamoyo.

Kutoka hapo mpaka Dungeons sio mwakani mama. Ni kama mtu amejifunza baiskeli leo anasema mwakani naendesha treni. Wanaokwenda pale wametumia miaka, wengi kumi na zaidi, na wenzao hawawachukui kabla hawajawaamini, kwa sababu ukimchukua mtu asiyeweza ni wewe utakayekwenda kumtafuta kwenye povu. Bahari yenyewe itamchuja kijana wako muda mrefu kabla hajafika huko, atameza maji ya chumvi sana, wengi wanaishia kwenye mawimbi ya kifuani na wanabaki na furaha yao hiyo hiyo.

Kumkataza usimkataze. Akikatazwa ataendelea ila ataacha kukuambia, na mi nakuambia kama mtoto niliyemficha mama yangu mambo mengi ya pale mlango wa mto Pangani. Muulize. Muulize anaogelea umbali gani bila ubao, maana kamba ya ubao hukatika. Muulize kama amesomea kuokoa mtu aliyezama, hayo mafunzo Cape Town yapo. Ampigie simu mdogo wake kabla ya kuingia na baada ya kutoka, hata meseji ya neno moja.

Na siku akikuambia sasa mama nakwenda kule kwenye makubwa, swali liwe moja tu, jeti ski anaendesha nani, utajiwe jina, na huyo mwenye jina uongee naye kwa simu usikie sauti yake. Akisema anakwenda peke yake, binti aniandikie mimi, nitampigia mwenyewe usiku huohuo.